Alikula Mahali Pangu

Majina siandiki. Binti yangu amenikataza, anasema nitaitwa kituoni, na mimi vituo nimevichoka. Lakini watu wenyewe nitawataja kwa vyeo vyao, na wanajijua: kaka yangu mkubwa, wifi yangu ambaye ni mke wake, na marehemu mume wangu. Hao watatu ndio walionifikisha hapa. Wa nne ni ile mashine ya kwenye simu, na huyo nitamtendea haki, maana katika wote wanne ndiye pekee aliyewahi kuniomba radhi ya kweli.

Herufi r zote mtakazoziona humu ameziweka binti yangu. Hasira ni zangu. Mimi nimezaliwa Njombe, katika nyumba ya Kibena, na Kibena chetu hakina habari na hiyo herufi. Shuleni niliishia darasa la nne, na mwalimu aliyetufundisha kusoma alikuwa wa huku huku, mwenye ulimi kama wetu. Alituandikia ubaoni "kalatasi" nasi tukanakili "kalatasi" kwenye kalatasi, tukapewa vema. Kwa hiyo msinilaumu mimi peke yangu. Kwangu ni balabala, mpila, selikali. Ulimi ukifika pale unapotakiwa kutetemeka, unateleza na kupita zake.

Sasa naishi Makambako. Nina kibanda cha chakula karibu na wanapoegesha malori: ugali, wali, maharage, na nyama siku ambazo mwenye bucha ameamka vizuri. Upepo wa Makambako ukianza, pilipili inatoka kwenye sahani inahamia machoni pa mteja, halafu naambiwa ni mimi niliyekosea kupika. Nimefika umri ambao madereva wenye mvi wananiita mama, na mimi naitika.

Ngoja nieleze nilivyofika hapo, maana bila hilo mengine yote yatakuwa kelele.

Mume wangu alikuwa mtu wa Mahongole, mwenye mkono mwepesi. Akinywa anapiga, asipokunywa anapiga kwa sababu hajanywa. Mara ya kwanza nilikimbilia Njombe kwa kaka yangu, jicho moja limeziba. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kaka ndiye aliyekuwa mkubwa, ndiye aliyeipokea mahari yangu. Akanipa chai, akanirudisha. Mara ya pili nilifika na mkono umevunjika na mimba ya binti yangu tumboni. Hiyo mara hata chai sikupewa. Kaka alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, pazia la ndani likitikisika nyuma yake, akasema:

"Mdogo wangu, mimi nifanyeje? Wakija kudai vyao nitawarudishia nini? Nimrudishe mke wangu?"

Maana ng'ombe walioletwa kwa ajili yangu ndio hao hao aliowatoa kwenda kumwoa wifi. Mahari yangu ipo hai mpaka leo. Ina miwani, inavaa sweta la zambarau, inafundisha darasa la tatu.

Basi sikurudi kwa mume, na kwa kaka sikuingia. Nilishuka Makambako kwa sababu ndipo nauli ilipoishia, nikaomba kuosha vyombo kwa mama mmoja muuza uji, mkono mmoja ukiwa umefungwa. Ukoo wa mume walisema mimba iliyokimbia si yao. Mume mwenyewe alikufa baadaye kwa pombe. Sikumgusa, ingawa niliwahi kulifikiria jambo hilo kwa undani.

Binti yangu akakua. Akawa fundi wa nguo Njombe mjini, cherehani yake mwenyewe, wateja wake mwenyewe. Akampata kijana wa Matamba anayeuza mbegu za viazi, kijana mpole, anaongea polepole kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Wakwe wakatuma mshenga. Posa ikapokelewa. Na hapo kaka yangu akafufuka. Akatangaza kwamba binti hana baba, hivyo yeye mjomba ndiye atakayekaa kwenye kiti cha mwenye binti na kupokea mahari.

Binti yangu alinipigia simu.

"Mama, akipokea mjomba, siku nikikwama nitarudi wapi?"

"Kwangu."

"Kwako watakwambia, 'Wewe hukupokea kitu, nyamaza.' Watanipeleka kwa mjomba. Na mjomba tunamjua."

Hapo ndipo penyewe. Kwetu anayekula mahari ndiye anayebaki na mlango. Binti akipigwa, akifukuzwa, anarudi kwa aliyekula. Na mtu akishakula na kumaliza, mlango wake unakuwa mzito sana kufunguka. Mimi niliuona ulivyo mzito. Nikaapa kwamba huu wa binti yangu kaka hatakuwa na ufunguo wake.

Mambo ya ukoo siku hizi yanaamuliwa kwenye grupu la simu. Mwenyekiti ni baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, mwinjilisti mstaafu, mtu wa haki lakini mwenye masikio laini. Aliandika: "Mwenye neno kuhusu nani atapokea wageni, aliandike hapa kabla ya Jumamosi." Akaongeza: "Kwa maandishi. Ujumbe wa sauti hauruhusiwi." Hilo la sauti lilikuwa langu. Huko nyuma niliwahi kutuma sauti mbili tatu kuhusu kaka, na yaliyokuwamo mwinjilisti hawezi kuyasikiliza mbele ya wajukuu.

Shida ni kwamba kuandika kwenye grupu lile ni kujipeleka kwa wifi. Nikiandika "habali za asubui", dakika haiishi wifi anajibu: "HabaRi za asubuHi, wifi," R imesimama kama mlingoti wa bendera. Watoto wa ndugu wanacheka. Fikiria mwenyewe. Umeibiwa mahari, halafu mahari inakusahihisha tahajia.

Binti yangu akaniambia, "Mama, tumia akili mnemba."

"Mlemba yupi?"

"Ni mashine, mama. Iko kwenye simu. Unaandika unavyojua, unaiambia irekebishe, inakurudishia kimenyooka. Hata watu wa ofisini wanaitumia."

"Na mke wa mjomba wako haoni?"

"Haoni."

Hilo la haoni ndilo lililonishawishi.

Nilianza na kibao cha kibandani. Nilikuwa nimeandika "walinamalage" neno moja, miaka nenda rudi, na wateja walikula bila kulalamika. Mashine ikanirudishia "wali na maharage". Nikakipaka kibao upya. Nikatuma salamu kwenye grupu: "Habari za asubuhi, ndugu zangu wapendwa." Wifi kimya. Mchana kimya. Jioni kimya! Jamani, nililewa. Nikaanza kuitumia hata kumwandikia muuza mkaa. Muuza mkaa akaja mbio kuniuliza kama nimefiwa, maana nilikuwa nimemwandikia, "Ningependa kukujulisha kwa heshima kwamba mkaa umekwisha."

Basi siku ya neno lenyewe, baada ya chai na kabla ya wateja wa mchana, nilikaa juu ya kreti la soda nikaandika kilichokuwa moyoni. Nakiweka hapa kama kilivyokuwa, binti nimemkataza kukigusa:

"Ndugu zangu habali za saizi. Mimi sina maneno mengi. Kaka yangu alikula mahali yangu yote akamaliza. Nilipokuja kwake na mkono umevunjika akaniludisha kwa mume sababu ameshakula. Sasa anataka kula na mahali ya binti yangu. Nasema hapana. Mahali ya binti yangu hali."

Nikaiambia mashine: nilekebishie. Ikajibu kwa upole ule wake, kama muuguzi wa hospitali ya kulipia. Ikasema ujumbe wangu una hisia nzito. Ikasema imerekebisha tahajia, imeweka alama, na imesawazisha ngeli. Ikanieleza kabisa: neno "mahali" lina ngeli yake, hivyo hatusemi "mahali yangu", tunasema "mahali pangu".

Nilisoma hayo nikatikisa kichwa taratibu kama diwani. Kumbe! Maisha yangu yote nimekuwa nikikosea ngeli na hakuna aliyeniambia. Nikasoma ilichonirudishia:

"Ndugu zangu, habari za wakati huu. Sina maneno mengi. Kaka yangu alikula mahali pangu pote, akamaliza. Nilipokwenda kwake nikiwa nimevunjika mkono, alinirudisha kwa mume wangu kwa sababu alikuwa ameshakula. Sasa anataka kula na mahali pa binti yangu. Nasema hapana. Mahali pa binti yangu hatakula."

Mtu mwingine angeshtuka. Mimi niliona fasihi. Nilisoma "mahali" nikasikia mahari, kama nilivyosikia siku zote. "Pangu" nilidhani ndiyo usomi wenyewe. Nikanakili, nikatuma, nikaitia simu kwenye mfuko wa aproni, nikaenda kusonga ugali kwa nguvu mpaka dereva mmoja akaniuliza ugali umenikosea nini.

Simu ikaanza kutetemeka. Nikafurahi. Nikasema moyoni, ukweli umewaingia.

Nilipoifungua, wa kwanza alikuwa baba mdogo. "Mwanangu, chakula ni baraka ya Mungu. Ndugu akila kwako hajakuibia."

Chini yake mama mdogo wa Dar es Salaam: "Alikula nini kwani? Kuku?"

Binamu yangu mmoja, mpasua mbao: "Dada, na mimi nilipita hapo Makambako nikala, ukasema niache tu. Kumbe uliumia? Nisamehe dada yangu."

Mama mdogo tena: "Pote! Alikula pote! Huyo mtu alikuwa na njaa ya namna gani?"

Wifi: "Hongera sana wifi. Leo ngeli zimekaa."

Nilikuwa bado nawaza wamepatwa na nini binti aliponipigia.

"Mama! Umeandika nini kwenye grupu?"

"Nimeandika ukweli."

"Umeandika mjomba alikula kibandani kwako!"

"Nimeandika alikula mahali yangu!"

"Mama, hiyo ni mahali. Pahala. Wewe ulitaka ma-ha-RI."

"Ndiyo hiyo hiyo. Mahali."

"Sema rrr."

"Lll."

"Mungu wangu," alisema binti, halafu nikamsikia anacheka, halafu nikamsikia hacheki tena.

Na ndipo nikaelewa nilivyojiua. Ningetuma uozo wangu kama ulivyokuwa, "alikula mahali yangu", ukoo mzima ungesikia mahari. Ndimi zetu zimefinyangwa na udongo mmoja, nusu yao huandika hivyo hivyo. Wangesoma, wangenyamaza, wangemgeukia kaka. Ni hiyo "pangu" iliyonimaliza. Nilisafishwa mpaka nikawa mtu mwingine: mama lishe mchoyo anayemnyima kaka yake ugali mbele ya ukoo, na kwetu mwanamke wa namna hiyo hata mbwa wanampita mbali.

Kaka akaandika wa mwisho. Alichukua muda. Niliona yale maneno ya kwamba anaandika, yanakuja yanapotea, yanakuja.

"Mdogo wangu, ni kweli nilikula mahali pako. Nilikuta chakula, nikala. Kama kilikuuma, mbele ya ukoo wote naomba radhi. Ukija Njombe nitakuchinjia kuku." Na mikono miwili ya kuomba.

Grupu zima likapiga makofi ya kwenye simu. Baba mdogo akaandika: "Ndugu wamepatana. Neno limeisha. Kaka mtu atakalia kiti siku ya wageni." Akalifunga grupu, asiweze kuandika mwingine yeyote.

Sasa nisikilizeni. Kaka yangu hajawahi kukanyaga kibanda changu. Hata siku moja. Akisafiri kupitia Makambako anashukia upande wa pili wa barabara, watu wameniambia. Sasa mtu anayeomba radhi kwa chakula ambacho hakukila, huyo anajua vizuri kabisa alichokula. Ukoo mzima haukunielewa. Kaka alinielewa, akaona mwanya, akapita.

Nikaigeukia mashine. Nikaiandikia kwa hasira: "Umeniua."

Ikajibu kwamba inasikitika sana kusikia hivyo, na kama niko hatarini nimtafute mtu ninayemwamini au nifike kituo cha polisi cha karibu. Vituo tena! Nikaandika, "Sio hivyo wewe. Mahali ni ng'ombe. Mahali ni ya kuolewa." Ikafikiri kidogo. Ikasema: asante kwa kunifafanulia, inaelekea ulimaanisha mahari. Ikasema neno nililoandika lina maana nyingine, nayo ikairekebisha sentensi yote ifuate maana isiyo yangu. Halafu ikaandika: "Ningepaswa kukuuliza kwanza ulichomaanisha. Samahani."

Nilikaa tena juu ya kreti. Nina miaka hamsini na ushee. Nimepigwa, nimerudishwa, nimekanwa, na hakuna kiumbe aliyewahi kuniambia "ningepaswa kukuuliza kwanza". Nikaona macho yananichoma nikasingizia kitunguu, ingawa siku hiyo sikuwa nimekata kitunguu chochote.

Ikaniandikia upya. Safari hii mahari ilikuwa mahari, na kaka alionekana alivyo. Lakini grupu lilikuwa limefungwa. Ilibidi nikayaseme kwa mdomo, Njombe, siku ya wageni. Kwa hiyo nikaanza mazoezi ya r. Nilikuwa nasonga ugali huku nanguruma. Dereva mmoja akauliza nani ameacha trekta linawaka huko nyuma. Mwingine akasema, "Mama, kama ni koo, chemsha tangawizi." Baada ya siku kadhaa niliweza kutoa r moja nzuri, ila ilikuwa haitaki kukaa ndani ya neno. Peke yake inatetemeka. Ukiitia kwenye "mahari" inageuka inakuwa mwenzake.

Siku ikafika. Njombe ilikuwa na ukungu na ile baridi inayokaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga. Tulikusanyika sebuleni kwa baba mdogo, jiko la mkaa katikati, wageni wa Matamba wakiwa bado njiani. Kaka alikuwa ameshakaa kwenye kiti chenyewe, koti limepigwa pasi, uso umejaa baraka. Wifi kando yake na kalamu, yeye ndiye katibu. Binti yangu alikuwa jikoni kama desturi inavyotaka, lakini mlango wa jikoni ulikuwa wazi kiasi cha sikio.

Nikasimama. "Shikamoo baba mdogo. Nina neno."

"Marahaba mwanangu. Si lile la chakula?"

Watu wakacheka. Nikatoa simu nisome ilivyoniandikia mashine. Nilianza vizuri, sauti ya kanisani. Nilipofika penyewe nikavuta pumzi, nikanguruma, nikasema: "Kaka yangu alikula mrrr... mahali yangu."

"Mahali gani, wifi?" aliuliza katibu, kalamu juu.

Sebule ikaanguka kwa kicheko. Binamu mpasua mbao alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilikaribia kucheka. Nimesimama hapo na koti la kuazima, nanguruma kama paka.

Nikairudisha simu mfukoni. Nikasema kwa Kibena.

Kwa Kibena mahari haifanani na pahala, wala na kibanda, wala na sahani. Haina ngeli ya kunichanganya wala herufi ya kunikwepa. Nikasema kilicholetwa kwa ajili yangu na nani alikila. Nikasema juu ya mkono, na mlango, na alichoniambia akiwa ameshika fremu. Sikulia vizuri kama nilivyopanga. Moshi wa jiko uliniingia puani nikawa napiga chafya katikati ya mateso yangu. Lakini hakuna aliyecheka.

Baba mdogo aliweka kikombe chini. Akamgeukia kaka.

"Ulipoomba radhi kwenye grupu, ulikuwa unaomba radhi ya nini?"

"Ya chakula, baba. Si aliandika mwenyewe?"

"Ulikula lini?"

"Zamani kidogo. Nilipita tu."

"Ulikula nini?"

Kaka alitazama dari. "Ugali."

"Na nini?"

"Ugali na... samaki."

Nikasema, "Sijawahi kupika samaki. Samaki ni wa jirani yangu. Mimi nikipika samaki tutagombana."

Binamu akasema taratibu, "Ni kweli. Mimi nilimwomba samaki, akaninyima."

Hapo kaka alianza kusema habari za mila. Kwamba mila inasema mjomba, kwamba mila haijui mwanamke kwenye kiti. Baba mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, ni mtu wa haki.

"Mila pia haikukutuma umrudishe dada yako na mkono uliovunjika," akasema. "Inuka hapo."

Kaka hakuinuka mara moja. Alimtazama wifi. Wifi aliandika kitu kwenye daftari bila kuinua macho. Ndipo kaka akainuka, akaenda kukaa karibu na mlango, na baridi ya mlangoni ikampata vizuri, nilihakikisha kwa kutokuufunga.

Baba mdogo akakalia kiti yeye mwenyewe, nami akaniwekea kigoda ubavuni mwake. Akasema kitakachopokelewa hakitaliwa na mtu yeyote. Kitakabidhiwa kwangu, na binti akiwa na shida anarudi kwangu, na asiwepo wa kuniambia ninyamaze. "Andika hivyo," alimwambia wifi. Wifi akaandika.

Baadaye, tukisubiri gari la wageni, wifi alinikuta uani nanawa uso.

"Sikujua ulikuja umevunjika mkono," alisema.

"Ulijua. Pazia lilitikisika."

Akavua miwani, akaifuta. Halafu akasema, "Nilikuwa nimeolewa juzi tu, wifi. Ningesema nini?"

Nilitafuta jibu la kumchoma, nina mengi nimeyahifadhi kwa miaka, na yote yakanikimbia. Hilo nalo liliniudhi. Sijamsamehe. Kaka ndiyo kabisa. Kuku aliyeahidi sijamwona, wala simtaki, nitamla na wasiwasi.

Mashine bado naitumia, kwa muuza mkaa na kibao. Ila kabla sijatuma jambo lolote la maana namsomea kwanza mwenye kibanda cha samaki, kwa sauti. Akielewa, natuma kama lilivyo.

Binti akaolewa, akaenda Matamba. Miezi kadhaa ikapita. Asubuhi moja nikamwona anashuka na begi upande wa pili wa barabara, peke yake, uso umevimba kwa kulia. Nilivuka nikiwa na mwiko mkononi, lori likanipigia honi nikalitukana. Nikamshika, nikamgeuza kwenye mwanga, nikamwangalia macho, nikamkagua mikono yote miwili.

"Amekupiga?"

"Hapana mama."

"Amekufukuza?"

"Hapana."

"Kuna mwanamke?"

"Mama, tumegombana kuhusu fenicha."

"Kuhusu nini?"

"Kabati. Anataka liwe chumbani, mimi nataka sebuleni. Akaniambia kwamba sina akili ya nyumba. Nikakasirika nikapanda gari."

Nilisimama pale na mwiko. Niseme ukweli? Nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa na baba mdogo, nilikuwa na Kibena changu chote. Nikaletewa kabati.

"Nimewasimamisha watu wa ukoo mzima kwa ajili ya kabati?"

"Si ulisema nikikwama nije?"

"Nilisema."

"Basi nimekuja."

Alikula sahani mbili, akaingia chumbani kwangu nyuma ya kibanda, akavua viatu, akalala katikati ya kitanda kama alivyolala akiwa mdogo, mchana kweupe. Simu yake iliita, jina la mume, nikaiacha iite. Wateja wa mchana wakaanza kuingia na kelele zao za barabarani. Nikawaambia washushe sauti, kuna mtu amelala.